Wimbo Uliokatwa Kichwa

Duka la Kathure lilikuwa nyuma ya famasi pale Makutano, mjini Meru, na lilikuwa dogo kiasi kwamba mteja wa pili alilazimika kusubiri nje. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, spika mbili, kiti cha plastiki, na pazia la maua lililositiri stoo isiyozidi kabati kwa ukubwa. Mlangoni alikuwa ameandika kwa mkono: NYIMBO, MUVI, GOSPO, MIXI. LETA FLASHI. Na kwa miaka mingi watu walileta. Madereva wa magari ya Chuka na Nkubu, wenye baa, vinyozi, akina mama waliotaka kwaya za kusikiliza huku wakichambua maharagwe. Kila mmoja alimpa flashi au memori kadi, akamtajia anachotaka, akarudi kuichukua baada ya saa moja.

Siku hizi walioleta walikuwa wachache. Mwenye simu nzuri hana haja ya kuwekewa nyimbo na mtu. Waliobaki ni wenye magari yaliyochoka, wenye baa za mitaa ya nyuma, na wazee ambao watoto wao walikuwa wamewanunulia redio ndogo za kuchomeka kadi kisha wakarudi Nairobi.

Kathure alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kwao ni Kibirichia, kwa wakulima wa viazi, na alishuka mjini akiwa na miaka ishirini na mitano, yeye na rafiki yake Eunice. Duka walilifungua wawili. Walipanga chumba kimoja Majengo, nyuma ya bucha, vitanda vyao vikitazamana, na kila Jumamosi saa kumi walikuwa wakirudisha mlango nusu, wanatoa kile kiti nje, wanacheza. Hawakuwa watu wa disko. Walicheza humo humo dukani, katika nafasi ya hatua tatu kwa mbili. Eunice alicheza vibaya na kwa nguvu zote, viwiko vikigonga rafu, na kila mara alikuwa wa kwanza kuomba wimbo urudiwe.

Kisha Eunice akaolewa na mwalimu wa Nanyuki, akahama. Hawakugombana. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, baadaye kila wiki, baadaye sikukuu zikifika. Kathure akipata wimbo mzuri alimtumia kwa WhatsApp. Siku moja aliandika chini yake, "Huyu mpiga gitaa nimempenda, anapiga kama mtu anayeruka madimbwi." Jibu lilikuja baada ya siku tatu: picha ya kidole gumba.

Msimu wa kuvuna viazi alikuwa akipanda gari kwenda nyumbani Kibirichia. Kaka yake, Kiunga, alimwambia jambo lile lile kila mwaka, wakiwa wameinama kwenye matuta.

"Rudi, Kathure. Shamba lipo. Huko chini unafanya nini?"

"Nafanya kazi."

"Kazi ya nyimbo."

Wake za kaka zake walizungumza habari za karo na meno ya watoto, naye aliwasikiliza na kuwaitikia mpaka jua linazama. Alirudi mjini na nusu gunia la viazi, vingi mno kwa mtu mmoja. Alivila kwa mwezi mzima, vya kuchemsha, vya kukaanga, vya kuponda na mboga, na bado vilichipuka chini ya kitanda kilichokuwa cha Eunice.

Alichokuwa nacho Kathure ni asubuhi. Alifika dukani saa moja, kabla famasi haijafunguliwa, akavaa hedifoni, akaanza kutafuta. Nyimbo za wakubwa hakuzitafuta, hizo zilijileta zenyewe. Alitafuta bendi ambazo hakuna aliyekuwa akizijua: vijana wanaorekodi chumbani, godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, wanaotupia wimbo mtandaoni na kuketi kuona kama kuna atakayeusikiliza. Kila wimbo ulikuwa na idadi ya waliousikiliza. Alipita wenye maelfu. Alisimama kwenye arobaini, kwenye kumi na mbili, kwenye watatu. Ndivyo alivyowapata Baiskeli ya Mwalimu, vijana wanne wa Kisumu wenye tarumbeta moja iliyokuwa ikikosea kwa furaha. Ndivyo alivyowapata Chumba Namba Saba, wasichana wawili waliokuwa wakisomea uuguzi, walioimba wimbo mzima kuhusu jirani anayeazima pasi na harudishi.

Kipimo chake kilikuwa kimoja. Aliingia nyuma ya pazia, akafumba macho, akaacha mwili uamue. Ukifika ubeti wa pili mguu wake wa kushoto haujasogea, wimbo aliuacha. Ukisogea, alicheza hadi mwisho, peke yake, katikati ya maboksi ya nyaya na kibodi zilizokufa, kisha akatoka, akanywa maji, akaketi.

Na kuna jambo alilolifanya ambalo hakuna mteja aliyewahi kumwagiza. Kila flashi iliyopita mikononi mwake, akishamaliza kuweka alichoombwa, aliongeza nyimbo mbili au tatu za bendi zake. Hakusema. Watu walidhani kompyuta imeziingiza yenyewe. Lakini wiki moja baadaye angekuwa ananunua sukuma wiki sokoni, akasikia tarumbeta ya Baiskeli ya Mwalimu ikitoka kwa kinyozi. Angeona kondakta akigonga bati la gari kwa mdundo alioupata yeye, asubuhi, Makutano nzima ikiwa imelala. Angeangalia huku na huku, mkononi ana mboga, akitafuta wa kumwambia. Kisha angelipia mboga na kwenda nyumbani.

Mwezi wa pili, mwaka jana, aliwapata Viatu vya Jirani.

Walikuwa vijana watatu wa Embu. Wimbo wao uliitwa "Nishushe Hapa" na ulikuwa umesikilizwa na watu kumi na tisa. Kathure aliubonyeza bila kutarajia kitu, akasikia mwanamke mtu mzima akiongea. Ilikuwa sauti iliyotumwa kwa simu, kwa Kiembu, lugha ambayo Mmeru anaielewa bila kufundishwa. Mama huyo alisema ng'ombe amezaa, ni ndama jike. Alisema mvua imewahi maharagwe. Alisema, "Sweta yako nimeifua, iko hapa, njoo uichukue kabla sijaanza kuivaa mimi. Na umekula? Usiniambie umekunywa chai. Chai si chakula." Akacheka, akakohoa, akanyamaza, kukasikika kuku kwa mbali.

Hapo ndipo ngoma ilipoingia, kama mlango uliopigwa teke. Besi ikafuata, nene, yenye mikogo, na gitaa likaanza kuchokoza juu yake, na msichana akaimba kwa sauti isiyo na mapambo yoyote: kwamba amepita kwao kwenye gari, ameona taa ya jikoni, akaona haya kumwambia dereva amshushe. Maneno yalikuwa ya huzuni na mdundo ulikuwa wa harusi. Mguu wa kushoto haukungoja ubeti wa pili.

Kathure alicheza nyuma ya pazia akitabasamu, na alipogusa shavu akakuta ni bichi. Aliusikiliza mara nane. Mteja wa kwanza alibisha, akabisha tena. Siku hiyo hakumtumia Eunice.

Aliuweka kwenye flashi ya Mwongera, dereva wa gari la Chuka, mteja wake wa tangu zamani. Baada ya siku mbili Mwongera alisimama mlangoni, kofia kisogoni.

"Kathure, kuna mwanamke umeniwekea kwa flashi. Anaongea."

"Huo ni mwanzo wa wimbo."

"Abiria wanafikiri ni simu ya mtu. Jana mama mmoja amegeuka geuka, anauliza ni nani anaulizwa kama amekula." Akacheka. "Lakini ile ngoma ikiingia, wacha tu! Gari yote inatingika. Sasa nitolee huyo mama, uniachie ngoma."

"Nikimtoa, wimbo utakuwa umepungua."

"Mimi ni dereva, dadangu. Mtu akipanda anataka ngoma ichape mara moja. Nikimpa hadithi atapanda ya nyuma."

Kathure aliitazama ile flashi. Mwongera alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki, lakini haikuwa hiyo tu. Alitaka wimbo usikike. Alitaka sana. Aliufungua kwenye kompyuta, akatafuta mahali kuku anaponyamaza, akakata. Sekunde hamsini na mbili zilitoka kwa kubonyeza mara moja. Wimbo mzima aliuhifadhi kwenye folda yake mwenyewe, aliyoiita YANGU. Uliokatwa aliurudisha kwa Mwongera, na kwa kuwa ulikuwa tayari, akawawekea na wengine wote.

Kufikia mwezi wa tano "Nishushe Hapa" ilikuwa imeshika mji. Ilipigwa na magari, na boda, na duka la viatu lenye spika mlangoni. Wanafunzi waliiimba wakitoka shule. Makondakta walikuwa na mchezo: kwenye kibwagizo waligonga bati mara tatu na gari zima likaitikia, "Nishushe!" Kathure alikuwa akipita katikati ya haya yote na mfuko wake wa mkate. Jioni moja alisimama steji robo saa nzima, akisikiliza magari matatu yakiupiga kwa kupishana, mpaka mwanamke mmoja akamuuliza anaenda wapi.

"Siendi," alisema Kathure.

Mwezi wa nane, wakati wa baridi, karatasi zilibandikwa kwenye nguzo. Viatu vya Jirani, kutoka Embu, Jumamosi saa tisa mchana, kwenye bustani ya hoteli moja juu kidogo ya Makutano. Kathure alipiga pasi gauni la kijani. Alifunga duka saa nane, jambo ambalo hakuwa amelifanya Jumamosi yoyote tangu Eunice aondoke, akaenda, akapata meza ya pembeni karibu na tangi la maji. Aliagiza soda. Watu walikuja kwa makundi. Walivuta viti, wakaomba na vya mezani kwake, kimoja kimoja, mpaka akabaki na chake. Mwongera alikuwepo na mkewe, akampungia mkono.

Bendi ilipopanda alishangaa jinsi walivyokuwa wadogo. Njue, mwenye besi, mrefu na mwembamba kama mtu aliyekua usiku mmoja. Gachoki kwenye ngoma, kofia imefunika macho. Na Wambeti, mwimbaji, nyuma ya kinanda, ndani ya sweta kubwa ya kijivu iliyokunjwa mikono mara mbili. Walipiga nyimbo tano ambazo watu hawakuzijua, na watu wakacheza kiasi. Kathure alizijua zote. Aliimba pole pole, midomo tu ikisogea.

Kisha Wambeti akasogelea maikrofoni. "Huu nasikia mnaujua."

Bustani nzima ililipuka. Wambeti alicheka kwa mara ya kwanza, akabonyeza kitu kwenye kinanda, na ile sauti ikatoka kwenye spika kubwa: ng'ombe amezaa, ni ndama jike.

Watu walingoja. Wakatazamana. Mtu mmoja upande wa baa akapiga mluzi.

"Weka ngoma!"

"Mtandao umekatika!" akajibu mwingine, na watu wakacheka.

"Toeni huyo nyanya!"

Kikundi cha vijana mbele kilianza kuimba ubeti wa kwanza juu ya sauti ya mama, wakipiga makofi, kama walivyozoea wimbo unavyoanza. Wakaungwa mkono. Bustani yote ikaimba. Mvua na maharagwe havikusikika tena. Gachoki alimtazama Wambeti, vijiti vikiwa hewani. Wambeti akanyoosha kidole na kuzima ile sauti, kabla haijafika kwenye sweta. Akamwashiria Gachoki kwa kichwa. Ngoma ikaingia.

Watu waliruka. Meza zilianguka. Wambeti aliimba kila neno mahali pake, bila kukosea, bila kumtazama mtu.

Mwongera alikuja kumvuta Kathure mkono. "Simama, bwana! Ngoma yako hii, unaketi?" Naye alisimama. Alicheza, kwa kuwa mwili ulikuwa umeuzoea wimbo huo kuliko wimbo wowote duniani, na miguu yake haikuwa na habari na ile sauti iliyozimwa. Mke wa Mwongera alimsifu jinsi anavyocheza.

Baada ya onyesho alizunguka nyuma, kwenye pikapu walikokuwa wakipakia vyombo. Njue alimwona kwanza.

"Karibu, mum. Ni picha?"

"Hapana. Naitwa Kathure. Niko na duka pale chini, la kuweka nyimbo kwa flashi. Wimbo wenu ni mimi niliuweka kwa magari."

Njue aliweka chini waya aliokuwa akiukunja. "Ni wewe? Wambeti, kuja! Tumekuwa tukijiuliza. Embu hakuna mtu anatujua, halafu ghafla watu wa Meru wanatuandikia kila siku. Hatukuelewa." Alimshika Kathure mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana, mum. Kwa kweli."

Wambeti alikuwa amefika, ameegemea mlango wa pikapu. Kathure alijua kwamba angeweza kuishia hapo, kunywa shukrani zake na kwenda nyumbani.

"Mwanzo nilikata mimi," alisema. "Ile sauti. Dereva aliniambia watu hawaitaki, nikaitoa. Wakaijua hivyo. Ndiyo maana leo..."

Njue aliachia mkono wake.

"Ulisikiliza kwanza?" Wambeti aliuliza. "Kabla ukate."

"Nilisikiliza. Mara nane."

"Na ulielewa anasema nini?"

"Nilielewa. Nililia."

"Halafu ukakata."

"Ndiyo."

Wambeti alivuta mikono ya sweta ikafunika vidole. "Mama alinitumia hiyo Jumanne. Ijumaa nikapigiwa simu. Sikuwa nimeenda kuchukua chochote. Huo wimbo niliutengeneza ndiyo watu wamsikie yeye. Mimi huko nyuma najaza tu."

"Wambeti, mum amekuja mwenyewe kutuambia," Njue alisema kwa upole. "Na bila yeye leo tungekuwa tumemwimbia nani?"

"Njue, nyamaza." Kisha kwa Kathure, "Ile nzima, uliifuta?"

"Hapana. Ninayo. Niliiweka yangu."

"Ahaa." Wambeti alitikisa kichwa kwa muda. "Kwa hivyo mama yangu ulijiwekea wewe. Watu ukawapa zilizobaki."

Hakupaza sauti. Alifungua mlango, akaingia kwenye pikapu, akakaa akitazama mbele. Kathure alisema pole. Aliisema kwenye kioo, na kioo kilikuwa kimepandishwa. Njue alimwandikia namba ya simu nyuma ya karatasi ya tangazo, akamwambia aende salama.

Jumatatu Kathure alibandika karatasi mpya mlangoni: NISHUSHE HAPA, WIMBO MZIMA, BURE. Aliwapigia madereva mmoja mmoja. Wengi walidhani ni biashara mpya. Waliokuja walisikiliza sekunde kumi, wakacheka, wakachomoa flashi zao.

"Nilikwambia zamani," alisema Mwongera. "Huyo mama hapandi gari langu."

"Huyo mama alikufa, Mwongera. Ni mama ya yule msichana."

Mwongera alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Basi Mungu amlaze pema," alisema. "Lakini hiyo ndiyo mbaya zaidi. Sasa nikiiweka nitakuwa nabeba marehemu na abiria kwa gari moja." Hakuwa anafanya mzaha. Aliondoka na wimbo uliokatwa, na kwa wiki kadhaa hakupita dukani.

Aliyekubali ni Murungi, mwenye baa ya meza ya puli huko nyuma ya soko, na alikubali kwa sababu hakujali kinachopigwa mradi kuna kelele. Kathure hakuwa mtu wa baa, lakini alianza kupita hapo mchana akienda nyumbani kula. Alisimama nje, karibu na dirisha. Zamu ya wimbo ilifika, mama akaongea juu ya ng'ombe na mvua, na wanaume waliendelea kupiga mipira yao kana kwamba ni gari lililokuwa likipita. Siku ya kwanza ikawa hivyo, na ya pili.

Siku ya nne, mwanamke aliyekuwa akiosha glasi kwenye karai, mlango wa nyuma, mtu wa makamo aliyefunga leso kichwani, alikuwa amewapa wote mgongo. Spika ikauliza, "Na umekula?"

"Bado," alisema yule mwanamke kwa Kimeru, bila kuinua kichwa. "Nikimaliza hizi."

Kisha akasikia alichokifanya. Aligeuka, akatazama spika, mikono ikidondosha povu. Ngoma iliingia. Hakucheka. Akarudi kwenye glasi zake, lakini aliziosha pole pole.

Kathure alirudi dukani bila kula. Alitafuta ile karatasi ya namba, akampigia Njue, akaomba namba ya Wambeti, na Njue, baada ya kusitasita, akampa. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi. Alieleza mahali, na karai, na mwanamke, na neno alilojibu. Alituma. Jioni zile alama mbili za kuonyesha umesomwa zilikuwa zimegeuka buluu. Hakukuwa na jibu, kesho yake wala mwezi uliofuata.

Msimu wa viazi ulifika, akaenda Kibirichia. Kiunga alimwambia arudi. Safari hii Kathure alisema atafikiria, na kaka yake akasimama wima kwenye tuta, jembe mkononi, kwa mshangao. Alirudi mjini na nusu gunia.

Mwaka huu, Januari, asubuhi ya Alhamisi, alikuwa na hedifoni masikioni simu ilipotikisika. Ni Wambeti. Alikuwa ametuma wimbo, na chini yake neno moja: "Sikiliza."

Kathure alifunga mlango kwa ndani. Aliingia nyuma ya pazia, akasubiri sauti ya mtu, au kuku, au kikohozi. Wimbo ulianza na ngoma. Hapakuwa na hata pumzi kabla yake. Ngoma, besi, makofi, na Wambeti akaimba papo hapo, haraka, kuhusu vijana walioazima viatu kwenda kucheza. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa wimbo bora kuliko wowote aliousikia mwaka mzima, na alicheza mpaka akagonga kibodi zikaanguka. Kisha akaurudia akiwa ameketi, akitega sikio katikati, akitega mwishoni. Akaurudia tena.

Aliandika: "Nimecheza. Ni mzuri sana. Lakini mama hayumo."

Jibu lilichukua muda. Alifungua mlango, akapangusa meza, akahudumia mtu wa kuprinti. Karibu saa sita likaja.

"Zimebaki sauti zake mbili tu. Hizo ni zangu."

Kathure aliisoma akiwa amesimama. Aliandika, "Sawa." Akaona ni fupi, akaanza kuongeza maneno, akaona ni mengi, akayafuta. Aliacha hilo moja, na simu akaiweka kifudifudi kando ya kompyuta.

Mzee mmoja alikuwa mlangoni, koti la mvua mkononi, memori kadi katikati ya kiganja kama kidonge. Alitaka kwaya, zile za zamani, zisizo na vinanda vingi. Kathure alichukua kadi akaichomeka. Kazi ilikuwa ya dakika ishirini.

"Mzee, hebu kaa hapa," alisema, akimvutia kiti. "Kuna kitu nataka usikie. Ni dakika tatu."

Mzee aliketi. Kathure alimvalisha hedifoni juu ya kofia yake ya sufu, akabonyeza ule wimbo mpya wa Wambeti. Alisimama pembeni akimwangalia miguu. Viatu vyake vya mvua vilikaa sambamba sakafuni, vimetulia. Mzee alisikiliza kwa adabu, mikono magotini, macho kwenye ukuta, hadi mwisho kabisa, kisha akazivua kwa mikono miwili na kumrudishia.

"Ni vijana," alisema.

"Ndiyo, mzee. Wa Embu."

"Wanaenda haraka." Alifikiri kidogo. "Lakini wako pamoja."

"Wako pamoja," Kathure aliitikia, akageukia kompyuta kumtafutia kwaya zake.